Jiko la Nyumba ya Baba

Ukipita leo katika njia za Katuba, hapa Lubumbashi, utaziona bado nyumba nyingi zilizojengwa na baba zetu katika miaka ya 1950, wakati mji huu ulipokuwa ungali ukiitwa Élisabethville. Nyingine zimeongezwa vyumba mbele na nyuma, nyingine zimegeuzwa maduka. Lakini mwenye jicho huzitambua kwa matofali yake. Ni matofali mekundu, mazito, yaliyofinyangwa kwa udongo wa vichuguu, yale makao ya mchwa yasimamayo kama vilima katika pori la Katanga. Udongo huo ni laini, hauna mawe, nao ukichomwa vema huwa mgumu na kudumu.

Wazee wakumbuka jinsi nyumba hizo zilivyopatikana. Katika Katuba watu wengi walijenga kwa mpango uliopewa jina la mtawala mmoja Mbelgiji, Grévisse: mtu alikopeshwa vyombo vya kujengea, akajenga, kisha akalipa deni lake pole pole. Kule Ruashi nyumba zilijengwa kwa safu na Office des Cités Africaines, iliyoundwa mwaka 1952. Baba yangu alikuwa mmoja wa wale waliokopa. Alijenga vyumba vitatu na baraza, akaweka mlango wa mbao ngumu ambao hata leo haujapinda. Halafu, fedha zilipokuwa zimekaribia kwisha, akasimamisha nyuma ya lupango kijumba kidogo kwa matofali yaliyobaki. Kilikuwa na mita 3 kwa mita 2 na nusu, mlango mmoja, na kidirisha ambacho mtu hawezi kupitisha kichwa. Ndilo jiko.

Simlaumu Baba. Karibu nyumba zote za wakati ule zilifanywa hivyo: fedha nzuri zilikwenda mbele, mahali pageni wanapokaa, na mabaki yakaenda jikoni. Lakini nataka kuwaeleza jinsi sisi watoto wake, miaka zaidi ya 60 baadaye, tulivyokuwa karibu kurudia kosa lile lile, tena kwa fahari.

Hesabu ya vigae

Kiangazi cha mwaka 2023 tulikuwa nafsi nane katika nyumba ile: Mama, mke wangu na mimi, watoto wetu wanne, na mjukuu wetu wa kwanza ambaye alikuwa bado akibebwa mgongoni. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Tulikuwa tumeweka akiba ya dola 400, fedha za miezi kumi na minne, tukakusudia kulitengeneza jiko kabla ya masika.

Mdogo wangu anayekaa Likasi alikuja siku ya Jumapili ili tufanye shauri pamoja. Alikuwa ameona jiko katika nyumba ya rafiki yake, akatueleza habari zake hata nami nikatamani: vigae vyeupe ukutani, makaro kama watu wasemavyo mjini, toka chini hata juu, kabati zenye milango ya kioo, na sakafu ing'aayo kama sahani. Tukachukua kalamu na karatasi, tukaanza kuhesabu vigae. Kila tulipomaliza hesabu, fedha zilikuwa hazitoshi, nasi tukapunguza safu moja ya vigae tukaanza tena.

Mke wangu alitusikiliza kwa adabu. Mwishoni akaniuliza: «Baba wa watoto, hivyo vigae vyeupe, nani atakayeviosha masizi kila siku?» Nikamjibu kwamba vigae huoshwa kwa urahisi. Akanyamaza. Baada ya kitambo akamwita mdogo wangu kutoka mlangoni mwa jiko: «Shemeji, tafadhali njoo unisaidie kushusha sufuria.»

Mdogo wangu akainuka, akaingia. Hakukaa humo dakika tano. Alitoka akifuta machozi kwa mkono wa shati, akikohoa na kutafuta maji ya kunywa. Mama, aliyekuwa ameketi humo ndani akichambua lenga-lenga, alimfuata mpaka mlangoni huku akicheka. «Mwanangu,» akasema, «wewe umeingia kwa ajili ya sufuria moja. Mimi niliingia mwaka 1964.»

Karatasi yetu ya vigae ilibaki mezani, wala hakuna aliyeigusa tena siku ile.

Ningependa kila baba wa nyumba afanye jaribio hilo. Usisimame mlangoni ukachungulia. Ingia, keti juu ya kibao kile kidogo, kaa humo tangu moto unapowashwa hata bukari iive. Sisi wanaume twajua rangi ya jiko letu, hatujui hewa yake. Mama alikuwa na kikohozi cha asubuhi tangu zamani, nasi tukakiita kikohozi cha uzee. Mjukuu wetu alikuwa ametibiwa kifua mara mbili katika mwaka wake wa kwanza, nasi tukasema ni baridi ya mwezi wa saba. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto yule alishinda mgongoni mwa mama yake, na mama yake alishinda jikoni. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa iliyochafuliwa ndani ya nyumba, yaani hasa moshi wa kupikia. Na kati yao watoto wasiotimiza miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000.

Mwashi mzee

Tulimwita mwashi mmoja mzee wa mtaa wetu. Nilitaka kumwonyesha kuta, naye akaniomba kwanza nimwonyeshe njia ya maji. «Mvua ikinyesha, maji yanasimama wapi?» Akazunguka nje ya jiko, akachimba kidogo kwa mwiko wake chini ya ukuta wa nyuma, akaniita nitazame. Kumbe, katika miaka hiyo yote, majivu, takataka na udongo wa kufagia vilikuwa vimerundikana nyuma ya jiko hata ardhi ya nje ikawa juu kuliko sakafu ya ndani, karibu urefu wa tofali mbili. Kila masika maji yalikaa pale, ukuta ukayanywa kama sponji, nasi tukashangaa kwa nini unga huota ukungu rafuni na kwa nini rangi haishiki.

Basi kazi ya kwanza haikugharimu hata franka moja. Wanangu wawili walichukua majembe wakaondoa udongo ule siku mbili, hata mguu wa ukuta ukaonekana tena. Wakachimba mfereji mwembamba wenye mteremko wa kupeleka maji mpaka njiani, wakaujaza kokoto. Ukuta ukaachwa wiki tatu ukauke kwa jua. Hiyo ndiyo faida ya kuanza mapema katika kiangazi: mvua zetu huanza karibu na mwezi wa kumi na moja, na ukuta uliolowa hauwezi kukandikwa wala kupakwa chokaa kwa haraka. Watu wengi hungoja mpaka mawingu yaonekane ndipo watafute fundi. Wakati huo fundi ana kazi nyingi na bei yake imepanda.

Juu ya paa tulikuta mabati, manjanja ya Baba, yameliwa na kutu upande mmoja tu, ule ulio juu ya mafiga. Mashimo mengine yalitoka kwa misumari: mtu fulani zamani alikuwa ameipigilia ndani ya bonde la bati, mahali maji yanapopita, badala ya kuipigilia juu ya mgongo wake. Tulibadili mabati matatu tu. Mahali pa la nne tuliweka bati lipitishalo mwanga. Sikuwa nimefikiri jambo hilo. Mwashi ndiye aliyelitaka. Jiko lile halikuwa limepata mwanga wa mchana tangu lijengwe, na mwanangu wa kike aliposimama chini ya bati lile mara ya kwanza alisema sasa aweza kuona mawe ndani ya mchele.

Hapa niingize neno kwa wale wenye nyumba za namna nyingine. Kama paa lenu, au dari, ni la mabamba ya kijivu ya eternit ya zamani, msiyakate kwa msumeno wala kuyavunja kwa nyundo. Mabamba ya miaka ile yalichanganywa na nyuzi za asbesto, na vumbi lake huingia katika mapafu likaleta magonjwa mabaya baada ya miaka mingi. Yakiwa mazima, yaacheni yalivyo. Vivyo hivyo rangi za zamani za mafuta juu ya milango na madirisha: mara nyingi zilikuwa na risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Zilowesheni maji kwanza kabla ya kuzikwangua, na watoto wakae mbali.

Ukutani tulijifunza jambo ambalo Baba mwenyewe hakulijua. Karibu miaka ya 1980 alikuwa amekandika upande mmoja wa jiko kwa simenti nyingi, akidhani simenti ikizidi nguvu yazidi. Ganda lile lilianguka lote kwa mara moja, kama ngozi ya nyoka. Mwashi akatueleza sababu. Matofali ya jiko letu ni laini, tena yameunganishwa kwa udongo tu, wala si kwa simenti. Ukuta laini hupumua: huvuta maji na kuyatoa, hutanuka na kujikunja. Ukiuvika ganda gumu, maji hufungwa nyuma yake, na kila kimoja huvuta upande wake. Kwa hiyo tulikwangua viungo vya matofali kina cha kidole, tukaulowesha ukuta, tukakandika kwa mchanganyiko wa simenti kipimo 1, chokaa 1 na mchanga 6. Tena tulikandika chini tu, kimo cha mita moja, mahali maji yanaporuka na vyombo vinapogonga. Mfuko mmoja wa simenti ulitosha. Juu yake matofali ya Baba yalibaki bila kukandikwa, yakangojea chokaa.

Njia ya moshi

Sasa tufike katika jambo kubwa. Nusu ya shauri letu lote na karibu robo ya fedha zetu zilikwenda huko, wala sijutii.

Katika jiko letu palikuwa na mafiga matatu ya sufuria kubwa, na kando yake mbabula mbili za makala. Mama alitaka vyote viwili vibaki. Alisema hivi: maharagwe na maji ya kuoga ni kazi ya kuni, mboga na chai ni kazi ya makala, na resho la umeme hutumika umeme ukiwapo, yaani tusiujengee nyumba. Mwashi hakubishana naye. Akajenga kwa matofali meza ya moto, kimo cha kiuno, kando ya ukuta wa kusini. Upande mmoja akafanya chumba cha kuni, upande wa pili mashimo mawili ya makala.

Nilimtazama alivyofanya, nami nawaeleza, maana ni kazi ambayo mtu mwenye bidii aweza kuifuatisha. Chumba cha moto alikizungushia matofali membamba aliyofinyanga mwenyewe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwa-katwa. Nyuma ya matofali hayo akaacha nafasi, akaijaza majivu makavu yaliyochekechwa. Majivu hayapitishi joto kwa urahisi. Hivyo joto hubaki kwa sufuria badala ya kwenda kuipasha meza. Tundu la juu alilipima kwa sufuria ya Mama yenyewe, ili sufuria izame ndani na kuacha nafasi ya unene wa kidole pande zote. Ndimi za moto hulazimika kupita katika nafasi hiyo, zikilamba ubavu wa sufuria kabla ya kutoka. Juu ya mafiga matatu sehemu kubwa ya joto hukimbilia pembeni, na zaidi ya hayo upepo huupeleka moto upendavyo. Katika mashimo ya makala aliweka wavu wa chuma chini, ili hewa ipande toka chini, na kijilango kidogo cha bati cha kuipunguza. Ukikifunga, makala hulala, ukikifungua, huamka.

Juu ya meza yote likatungikwa bati kama kofia, alilolitengeneza mhunzi kwa pipa la zamani lililofunuliwa na kuchomwa kwanza ili harufu ya mafuta iishe. Kofia hiyo hukusanya moshi na kuupeleka katika dohani, yaani njia ya moshi ya matofali, ambayo yapenya paa. Sherti ukingo wa kofia uwe chini kiasi, lakini usigonge paji la uso la mpishi. Mwashi aliwapima Mama, mke wangu na binti yangu mkubwa, akachagua kimo cha aliye mrefu zaidi.

Naam, na hapa tulikosea. Ili kuokoa matofali nilimwomba mwashi aishie dohani chini kidogo ya mgongo wa paa. Yeye alitikisa kichwa, lakini mimi ndimi niliyekuwa nalipa. Siku ya kwanza moshi ulipanda vizuri, tukashangilia. Siku ya pili ukavuma ule upepo wa kiangazi utokao kusini-mashariki. Ulipita juu ya mgongo wa paa, ukaanguka upande wa pili, ukausukuma moshi wote ukarudi chini kwa dohani kama maji katika mfereji. Jiko likawa baya kuliko zamani. Mama hakusema neno. Alitoa mbabula yake nje, akapika chini ya mwembe, akiniangalia. Ilitupasa kununua mfuko mwingine wa simenti na kuongeza safu tisa za matofali, hata kinywa cha dohani kikapita mgongo wa paa kwa zaidi ya nusu mita. Moshi wa moto hupanda kwa sababu ni mwepesi kuliko hewa baridi, na kadiri dohani inavyokuwa ndefu ndivyo inavyouvuta kwa nguvu. Lakini hauwezi kupanda kama hakuna hewa nyingine ya kuingia mahali pake. Ndiyo maana tulitoboa pia matundu mawili chini ya ukuta unaoelekea mlango, tukayafunga kwa waya ili panya wasiingie.

Mtu asidhani kwamba makala, kwa kuwa hayatoi moshi mwingi, hayana hatari. Makala hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Kuwasha mbabula katika chumba kilichofungwa usiku wa baridi ili watu walale na joto, kumeua jamaa nzima nzima. Mbabula yafaa ikae chini ya kofia au nje, basi.

Na habari ya akiba: zamani gunia moja la makala lilitutosha wiki tatu, na sasa laenda mpaka ya nne na siku kadhaa. Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mwajua makala yatoka wapi. Babu zenu waliukuta msitu wa miombo karibu na mji. Leo baiskeli zenye magunia hutoka mbali sana alfajiri, na njia yao yazidi kuwa ndefu.

Mikono ya mpishi

Mwashi alipomaliza meza ya moto, mke wangu alichukua chaki akaandika sakafuni. Hapa maji, hapa kukata, hapa moto, hapa kuosha vyombo. Kisha akatembea toka alama moja hata nyingine akihesabu hatua. Nilidhani anacheza. Aliponieleza kwamba katika jiko la zamani alikuwa akivuka lupango mara nyingi kwa siku kufuata maji, nikaelewa. Tulivuta bomba toka ukutani mwa nyumba, tukaweka mfereji mmoja na beseni la simenti, na maji machafu yakaelekezwa katika shimo la mawe mbali na ukuta. Maji yenyewe hayatoki saa zote, kama mjuavyo. Kwa hiyo pipa lenye kifuniko likawekwa chini ya mfereji.

Meza ya kukatia ni mlango wa zamani wa chumba cha nyuma, uliopigwa randa. Kimo chake kilipimwa kwa mkono: mpishi asimame wima, auteremshe mkono, na mbao ifike mahali mkono unapopindana na kiganja, au juu yake kidogo. Kwa Mama tuliweka meza nyingine fupi, kwa maana yeye akata mboga akiwa ameketi, naye alisema waziwazi kwamba hakuomba kufundishwa kusimama.

Sakafu tuliifanya kwa simenti kipimo 1 na mchanga 3, unene wa sentimita 4, yenye mteremko mdogo kuelekea mlango. Mifuko mitatu. Siku saba tuliifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji asubuhi na jioni, maana simenti ikikauka upesi kwa jua la mwezi wa tisa hupasuka na kutoa vumbi maisha yake yote. Watoto waliona siku saba kuwa nyingi mno. Kinu hakikuruhusiwa kuingia. Kutwanga sombe juu ya sakafu nyembamba ni kuivunja kwa mikono yako mwenyewe. Kinu kina mahali pake chini ya mwembe, juu ya ardhi, na huko huko hupatikana habari za majirani.

Chokaa ilikuwa kazi yangu na wanangu. Kwanza tulisugua kuta kwa maji ya moto, sabuni na majivu siku mbili nzima. Jirani alitushauri tupake juu ya masizi ili kuokoa kazi. Nilijaribu kipande kidogo nyuma ya mlango: asubuhi yake kilikuwa na madoa ya manjano kama chai iliyomwagika. Masizi hupenya chokaa, na ukipaka mara kumi yatapenya mara kumi. Chokaa yenyewe tuliilaza majini usiku kucha pamoja na konzi ya chumvi, tukaichekecha, tukaipaka nyepesi kama maziwa juu ya ukuta uliolowa, mara tatu, kila mara ikauke kwanza. Yule anayeizimua mwenyewe toka katika mawe yaliyochomwa ajihadhari: huchemka ikirukwa na maji, nayo huunguza macho. Watoto wadogo wasisogee.

Mtu ataniuliza gharama. Simenti mifuko saba, pamoja na ule wa kosa langu, ilimeza dola 98. Mwashi na msaidizi wake tuliwapa 110. Mhunzi, mabati, bomba, mchanga, chokaa na matofali machache ya kuongeza yalichukua karibu yote yaliyobaki. Matofali mengi yalitoka katika ukuta wa banda la kuku lililoanguka. Kwenu bei zitakuwa nyingine, na mwaka ujao zitakuwa nyingine tena. Zilibaki dola 9. Nilitaka kununua angalau vigae vichache vya kuzungushia beseni. Mke wangu alikwenda kwa muuza vigae akaomba vile vilivyovunjika, akapewa mfuko mzima kwa dola 2, akavipanga mwenyewe ukutani juu ya beseni, vyeupe na vya bluu na kimoja chenye ua. Ndiyo vigae vyetu.

Mdogo wangu alirudi toka Likasi mwezi wa kumi na moja, siku ya mvua. Alisimama mlangoni akatazama sakafu ya kijivu na mlango wa chumba cha nyuma uliogeuzwa meza. «Kaka,» akaniambia kwa sauti ya chini, «dola 400 zimekwenda wapi?» Kabla sijajibu, Mama alimwita aingie asilowe. Akaingia, akapewa kibao, akaketi karibu na moto. Nilikuwa barazani, nikawasikia wakiongea habari za Baba na deni lile la nyumba, jinsi alivyokuwa akilipa kila mwezi na kuficha karatasi chini ya godoro. Bukari ikaiva, naye hakutoka. Mjukuu alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake.

Mahali dohani inapopenya paa palikuwa pakivuja kidogo mvua ilipokuja na upepo. Mama aliweka bakuli pale, akasema hata kiangazi kijacho litatosha.